Mama Mkwe Ndani ya Kioo

"Ondoa gari lako kwenye ghala langu!"

"Wewe ondoa ghala lako kwenye gari langu!"

"Onsongo, nakuambia kwa mara ya mwisho."

"Hiyo ni mara ya nne ya mwisho, Ombati. Hesabu vizuri."

Jirani yangu Ombati alikuwa amesimama ndani ya wimbi lake, ile nafaka ya ugali, mpaka magotini. Kichwani alivaa kipande cha paa la ghala, nyasi kavu tupu, wala hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya boneti ya gari langu, maana chini kulikuwa na Ombati, na Ombati alikuwa na panga.

Kuku wa Manga nzima walikuwa wamekwisha kupata habari. Walikuja mbio kama watu wa kilioni, wakaanza kula bila kukaribishwa.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hawajalisoma, nitasema haraka. Mimi ndiye Onsongo, mwenye hoteli ya chai pale Kisii Boma, nyumbani kwangu Manga. Nilinunua boksibodi kuukuu, mbele viti viwili, nyuma sanduku la mbao la kubebea mizigo. Mtihani wa leseni ulinishinda mara mbili, mara ya tatu mtahini akachoka, akanipa. Kisha mke wangu Bonareri akajifungua mtoto wa kiume, nami nikatumwa Ekerenyo kumleta mama yake aje amsaidie kulea. Tulipoachana nilikuwa nimefika kwangu, gia ya nyuma imeingia, na nyuma yangu mtu anapiga kelele.

Sasa mnajua gari lilisimama wapi.

"Wimbi la mwaka mzima!" Ombati alilia. "Watoto wangu saba watakula nini? Watakula taa za gari lako?"

"Mwambie na la kuku!" mkewe Drusilla alidakia kutoka kwenye ua uliovunjika. "Mwambie la kuku wangu aliyekuwa anaatamia humo chini!"

"Kuku ameruka, mama, nimemwona kwa macho yangu."

"Kuku ameruka. Mayai nayo yameruka?"

Nikaona wakati umefika wa kutoa silaha yangu kubwa. Nikajinyoosha juu ya boneti, nikaweka mikono nyuma kama bwana shamba.

"Jirani, weka panga chini. Mimi nina bima."

"Bima itanipikia ugali?"

"Iko kampuni Kisumu. Nikigonga kitu, inalipa."

Ombati akamgeukia Drusilla, macho yamemtoka. "Unasikia? Analipwa akigonga! Ndiyo maana alikuja kinyumenyume, ili asionekane!"

"Hapana, si mimi ninayelipwa. Utalipwa wewe."

"Mimi? Nimegonga nani?"

Tungeendelea hivyo mpaka kuku wamalize ghala. Bahati nzuri akaja Mzee Ratemo, ambaye hapa kwetu ndiye anayekata maneno ya mipaka na ng'ombe. Alizunguka gari mara mbili. Akagonga gurudumu kwa fimbo. Akaonja wimbi. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma maandiko:

"Bima ikilipa, ghala litajengwa na wimbi litarudi. Bima isipolipa kufikia Ijumaa jua likizama, hili gari ni la Ombati."

"Lakini Mzee, Ombati hajui kuendesha!"

"Sihitaji kuendesha," Ombati akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Nitafugia kuku."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa mdomo. Moyoni nililia. Boksibodi hilo ndilo linaloshusha ndizi za Bonareri mpaka soko la Boma. Ndilo linalobeba unga na kuni za hoteli. Liondoke, na hoteli imefungwa, na watoto wangu waliomo shuleni watarudi kuchunga mbuzi ambao nao sina.

Kwa nini sina mbuzi? Hapo sasa naungama. Wakati ule hakuna aliyelijua jambo hili, au ndivyo nilivyofikiri.

Siku ya kuchagua bima, karani wa bima alikuja hotelini kwangu. Anaitwa Jeconia Okeyo, mtu wa kule ziwani aliyepanga chumba pale Boma. Huvaa tai hata anapokula samaki. Aliagiza chai, akaweka kikombe katikati ya meza.

"Bwana Onsongo, serikali inataka kila gari la barabarani liwe na bima. Hilo huchagui. Unachochagua ni ukubwa. Tazama. Kikombe hiki ni gari lako."

"Gari langu lina chai?"

"Nisikilize, yawa, jamani." Akazungusha mandazi yangu kando ya kikombe. "Hawa ni watu wa njiani. Bima ndogo inalipa ukimuumiza mmoja wa hawa. Mtu tu. Si ng'ombe wake, si nyumba yake, si gari lako, si wewe uliye ndani."

Kisha akachukua sahani, akafunika kikombe na mandazi yote pamoja.

"Hii ndiyo kubwa. Walio ndani, walio nje, gari lenyewe, na mali ya watu utakayovunja. Mradi uendeshe kwa uangalifu."

Bonareri alikuwa kwenye jiko, tumbo lake la miezi minane limetangulia mbele. Hakuitwa, lakini alijibu.

"Chukua kubwa. Nyumba yetu haijawahi kulala watu chini ya kumi na wawili. Kila safari utawapakia humo kama ndizi. Siku ukiwamwaga, nani atawaokota?"

"Mama Kerubo," nikamwita kwa jina la mtoto wetu mkubwa, "walio ndani ni watu wangu. Lini Manga mtu amemshtaki baba yake? Watu wangu wakiumia tunachinja, tunakula, tunasameheana. Adui yuko nje."

"Adui yako ni mkono wako kwenye gia."

Wateja wote walicheka, na mmoja akamwaga chai. Basi mbele ya mke nikakubali. Nikasema kubwa, kubwa kabisa, kwa nini tubanane.

Kesho yake nikaenda peke yangu ofisini kwa Jeconia, nikachukua ndogo.

Ile tofauti ya bei ilitosha mbuzi wawili wanono, na mtu hanunui gari akanyamaza kimya. Niliwachinja. Walikuja watu arobaini. Mimi, ndugu wasomaji, nikiona nyumba imejaa, watu wamekaa mpaka juu ya magunia, huyu anamsema yule na yule anamsema huyu, akili yangu hulala na furaha yangu huamka. Ombati mwenyewe alikula paja zima, akaomba mchuzi.

Kwa hiyo niliposimama pale juu ya boneti nikajipiga kifua kwa ajili ya bima, nilijua jambo moja ambalo Ombati hakulijua. Bima yangu ililipa mtu tu. Na wimbi si mtu.

Siku mbili zile nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nyumbani kwangu siingii. Mama mkwe yuko ndani ya nyumba ya Bonareri na mtoto, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali chumba kimoja. Hata jina lake sitaliandika hapa, mhariri aniwie radhi. Heshima hiyo tunaiita chinsoni. Anayeivunja hulipa kondoo na aibu, na kondoo huisha.

Basi chakula changu kilikuwa kikiletwa nje, chini ya migomba, kama cha mwizi wa ng'ombe aliyefungwa.

Alhamisi Jeconia akafika. Alikuwa anasukuma baisikeli kupanda mlima wa Manga, suruali ameichomeka kwenye soksi, tai imelegea, jasho linamtiririka mpaka kwenye mkoba. Nyuma yake walikuja watu wa njia nzima. Walisikia karani wa gari amekuja, na hapa kwetu jambo kama hilo halitazamwi na mtu mmoja. Katika muda wa kuvuta pumzi ua wangu ulijaa kuliko siku ya wale mbuzi.

Siku zote napenda nyumba ijae. Siku hiyo niliwatakia wote maumivu madogo ya tumbo.

"Bwana karani," nikamnong'oneza, "kabla hujafungua huo mkoba, twende kidogo kwenye migomba tuongee."

"Tuongee nini?"

"Kuhusu ule udogo."

"Udogo wa nini?"

"Wa bima. Punguza sauti."

Jeconia akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za shilingi ya jana. Akafungua mkoba pale pale, mbele ya Ombati, mbele ya Mzee Ratemo, mbele ya Manga.

"Bima yako si ndogo, Bwana Onsongo. Bima yako ni kubwa."

Nikasogea, nikaichungulia ile karatasi.

"Mkeo alikuja ofisini wiki iliyofuata," akaendelea, akifungua karatasi moja moja. "Aliuliza umechukua ipi. Nikamwambia. Alifungua kitambaa cha kiunoni, akaongeza iliyobaki, akaomba risiti, akaenda."

Nikageuka. Bonareri alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, uso mkavu kama jiwe la wachongaji wa Tabaka.

"Mama Kerubo, ulijua?"

"Baba Kerubo, wale mbuzi walitoka wapi? Walizaliwa wamechunwa?"

"Na fedha ulitoa wapi?"

"Ndizi. Wewe ulidhani nauza ndizi ninunue vitambaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Mwezi mzima nimengoja. Kila ukinywa mchuzi nasema, leo ataungama. Unafuta mdomo, unalala."

Watu walishangilia utadhani mpira umeingia golini. Sikujali. Niliona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini aibu yenye gari ndani yake ni tamu. Ombati akaruka juu ya kifusi cha ghala, akanikumbatia. Panga lilikuwa bado mkononi, ikabidi nijikunje kidogo.

"Jirani! Ndugu yangu! Drusilla, mletee bwana karani kiti! Si hicho, kile chenye mgongo!"

Jeconia akaketi. Akaweka fomu juu ya goti, akatoa kalamu ya wino, akaipuliza ncha. Watu wakasogea mpaka wengine wakawa wanapumua kwenye kola yake.

Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Jina la mwenye gari. Namba ya leseni. Siku ya tukio. Kitu kilichogongwa. "Ghala," akasema Ombati. "Andika kubwa. Andika na mayai."

"Kulikuwa na abiria?"

"Mmoja."

"Jina lake?"

"Mama yake Bonareri."

"Hilo si jina. Jina lake nani?"

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua kama ninavyojua njia ya kwangu. Kulitaja ndiyo siwezi."

Ombati, ambaye sasa alikuwa ndugu yangu, akamwambia karani, "Ngoja, mimi si mkwe wake." Akalitaja kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimeziba masikio na nikaimba wimbo wa kanisani mpaka alipomaliza.

"Alikaa wapi ndani ya gari?"

"Nyuma, kwenye sanduku. Nilimwekea kiti na blanketi."

"Na mbele pembeni yako alikaa nani?"

"Hakuna."

Jeconia akainua uso. "Mama mtu mzima unampakia nyuma na mizigo, na mbele pako wazi?"

"Bwana Okeyo, wewe wako ungemkalisha wapi?"

Akaweka kalamu chini. Alionekana mtu aliyeguswa mahali panapouma. "Mimi wangu nikimwona kwa mbali njiani, naingia kwenye mkonge na suruali yangu ya ofisi. Wiki ya Pasaka nilichanika hapa na hapa." Akatuonyesha. "Lakini nitafanya nini? Fomu hii iliandikwa na mtu ambaye mama mkwe wake hukaa mbele."

Tulimwonea huruma. Kisha akachukua kalamu tena, akasoma swali la saba.

"Kabla ya kurudi nyuma, je, dereva alitazama kioo?"

Ndugu wasomaji, kioo.

Sikuwaambia habari za kioo wiki jana. Niliogopa barua zenu. Boksibodi lina kidirisha kidogo mgongoni mwa dereva, na juu ya kioo cha mbele kimetundikwa kile kingine cha kutazamia nyuma. Tulipoondoka Ekerenyo nilikiangalia kama nilivyofundishwa. Humo ndani niliona kitambaa cha kichwa. Chini ya kitambaa kilikuwa kinakuja uso.

Mkono wangu uliruka wenyewe. Nikakigeuza kioo kikatazama juu. Toka Ekerenyo mpaka Manga, kila nilipotaka kujua nyuma yangu kuna nini, nilionyeshwa paa.

Tulipofika nyumbani nikafikiri: nikisimama hapa njiani, mama atashuka na kupita mbele yangu, na macho ni macho. Heshima ni nirudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa binti yake, ashuke aingie moja kwa moja. Ndivyo nilivyofanya. Lakini mtu anayeongozwa na paa hawezi kujua mlango wa Bonareri uko wapi na ghala la Ombati liko wapi.

Mama mkwe alikiona kinachokuja. Lakini angeniambiaje? Haniiti, hanisemeshi. Basi akawa analisemesha ghala. "Ghala, sogea! Ghala, kimbia!" Nikiwa pale mbele nilisikia sauti, nikasema moyoni, huyu mama ni mtu wa maombi kweli.

Tulipogonga, akaangukia kwenye wimbi akiwa bado juu ya kiti. Hakuchubuka hata kidole. Alisimama, akakung'uta nguo, akaingia ndani kwa binti yake.

"Bwana Onsongo," Jeconia akasema, "nasubiri."

"Nikisema sikutazama?"

"Kampuni itasema dereva alizembea. Haitalipa hata punje moja."

"Nikisema nilitazama?"

"Inalipa. Ghala, wimbi, na ile taa yako iliyovunjika. Lakini utatia sahihi hapa kwamba ni kweli, na mashahidi wawili chini yako."

"Alitazama!" Ombati alipaza sauti. "Mimi ni shahidi! Nilimwona anatazama mpaka nikasema, huyu mtu anatazama!"

"Alimtazama nani?"

Sauti ya Bonareri haikuwa kubwa. Lakini ua mzima ulimgeukia, hata wale waliokuwa kwenye matawi ya mti wa parachichi.

"Ndani ya kioo hicho alikuwamo mama yangu," akasema. "Baba Kerubo, kama ulitazama, sema. Mama nimfungie mizigo arudi Ekerenyo leo hii. Nami nitamfuata na mtoto, nikae huko mpaka utakapotakaswa na wazee wa pande zote mbili wakubali. Siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyemkodolea macho mama yangu njia nzima."

"Mama, ni jicho moja tu," Ombati akambembeleza. "Alitazama kwa jicho moja. La kushoto."

"Tena alilitazama ghala," akasema Drusilla. "Mama alipita tu katikati."

"Kama alilitazama ghala, mbona aliligonga?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Wewe nani aliyekuita?"

Mzee Ratemo akakohoa. "Jambo hili," akasema, "halina jicho moja."

Basi nikabaki pale. Upande huu boksibodi langu, hoteli yangu, na karo ya watoto. Upande ule mke aliyeniokoa kwa ndizi zake bila kunipigia tarumbeta, na mtoto ambaye bado sijamchoka hata kidogo. Na katikati karatasi inataka neno moja. Tena kusema kweli, neno la kweli lingenipotezea gari, na neno la uongo lingenipotezea nyumba, na mimi siku zote nilifundishwa kwamba angalau uongo hulipa.

"Wino unakauka, Bwana Onsongo," Jeconia akasema. Alisema kwa upole. Naamini alikuwa anaufikiria ule mkonge. "Ndiyo, au hapana?"

"Sema ndiyo," Ombati akaninong'oneza sikio la kulia. "Watoto saba, ndugu yangu."

Bonareri hakuninong'oneza chochote. Alihamisha mtoto kutoka bega hili kwenda bega lile, akangoja, kama alivyongoja ule mwezi mzima.

Nikafungua mdomo. Naapa sikujua ni neno gani lililokuwa linatoka.

"Bonareri!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Tangu afike, siku tatu, sijawahi kuisikia ikivuka mlango. Watu wote walikigeukia kizingiti. Mimi niligeukia migomba, kama inavyotakiwa.

"Ee, mama."

"Huyo mgeni wa watu amesukuma chuma mlima mzima. Mnamlisha maswali?"

"Tulikuwa tunamalizia, mama."

"Hamtamalizia. Na huko nje naona kila mtu anasema habari za kioo, na katika gari tulikuwa watu wawili tu. Mmoja alikuwa mbele. Mwingine ni mimi, na nilikuwa nimekaa nakitazama hicho kioo toka Ekerenyo, maana sikuwa na kingine cha kutazama. Mwambie karani aje na karatasi yake. Swali la saba ataniuliza mimi."

Jeconia akanitazama. Akamtazama Mzee Ratemo. Mzee akatikisa kichwa taratibu, maana yake shahidi ni shahidi, hata akiwa mama mkwe wa mtu.

Ombati akanishika mkono kwa nguvu. "Atasema nini?"

Nami nikamfuata Bonareri hatua mbili, mpaka pale ambapo mguu wangu hauruhusiwi kupita.

"Mama Kerubo, nisaidie. Mama yako atasema nini humo ndani?"

Akamfunika mtoto miguu kwanza. Mke wangu huwa hajibu haraka.

"Sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba mama hajawahi kusema uongo, na hajawahi kukupenda."

Jeconia alikuwa amekwisha kukaza tai yake. Alipiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, fomu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Harufu ya kuku wa kuchemsha na mboga ya chinsaga ikatoka ikatupita sote pale nje.

"Karibu, mwanangu," ile sauti ikamwambia. "Nawa mikono, kaa hapa ule kwanza. Na wewe, Bonareri, funga mlango."